Mbuzi Namba Saba

Mwezi uliopita nililetewa boksi na mama mmoja jirani yetu aliyekuwa ametoka umra. Aliliburuta mpaka mlangoni kwangu hapa Kaloleni, akakaa kwenye ngazi akijipepea na tikiti ya ndege, akaniambia, "Karisa, sijui ulifanya nini Jeddah, lakini hii kitu imenitoa jasho airport mbili. Askari ananiuliza kama ni silaha. Nikamwambia baba, ni ya jikoni, akanitazama kama mimi ndiye ninayepikwa." Ndani ya boksi kulikuwa na blanketi la kahawia, na ndani ya blanketi kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi: kile kigoda cha kukunja, na ule ulimi wa chuma wenye meno. Mguuni kulifungwa kibati chenye namba 7. Pia kulikuwa na karatasi, mistari miwili tu. "Bi Zuwena ametutoka. Alisema mbuzi yake apewe kijana wa ndimu. Fanya utakavyo. Salma."

Kijana wa ndimu ni mimi. Nina kipara na goti moja linalojua mvua kabla ya redio, lakini kwa Bi Zuwena nilibaki kijana, na ndimu sitakuja kuivua mwilini mpaka nizikwe. Niliiweka mbuzi ile juu ya meza ya sebuleni, nikaanza kuizunguka. Siku ya kwanza mke wangu Kadzo aliipangusa meza kandokando yake. Siku ya pili akaugusa ule ulimi, akanusa kidole. Ulikuwa na ukoko mkavu, mweusi kiasi, uliokwama katikati ya meno. "Hii imekuniwa nazi halafu haikuoshwa," akasema. "Hebu niioshe." Nikaruka kutoka kwenye kiti kama nimeketishwa kwenye jiko. Nikamwambia asiiguse. Akaniuliza kwa nini, na mimi, mtu ambaye kwenye matanga hupewa nafasi ya kuongea ili watu wasilale, nikakosa jibu. Hivyo naandika.

Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, inategemea nani anasimulia. Mwaka ninaousema nilikuwa Riyadh, upande wa Al-Murabba, kwenye chumba cha watu wanane, na kazi yangu ilikuwa kuhamisha ofisi za watu. Meza, makabati, mashine za kopi, mapicha ya farasi. Chumba chetu kilikuwa na AC moja iliyotema maji, na ilitemea kitanda changu peke yake, kama tuna ugomvi. Jioni Wafula, dereva wetu wa Bungoma, alisonga ugali kwenye sufuria iliyopinda, tukala na maini au na dagaa wa soko la Batha, na mazungumzo yalikuwa mamoja tu: nani amesikia kwamba ikama, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, sasa inahamishika. Ulikuwa ule mwaka wanawake walipewa leseni za kuendesha na masinema yakafunguliwa. Kila mtu alisema kila kitu kitabadilika, hata sisi ambao hatukuwa tumeulizwa. "Manze, wakiruhusu tu mtu ahame bila kafili, huyu bosi aliyemleta, kumwaga wino," Wafula alikuwa akisema huku anapindua ugali, "mimi siku hiyohiyo naenda kuendesha basi la shule. Watoto wanaimba, mimi naimba. Halas." Mimi nilikula nimesimama. Nilikuwa sikai. Begi langu lilikaa limefungwa zipu chini ya kitanda, shati natoa moja, narudisha moja, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake kituoni. Ukiniuliza nilikuwa nataka kwenda wapi, nisingekwambia. Nilijua tu si hapo. Wenzangu waliniita Pangaboi, kwa kuzunguka kama feni.

Ndipo siku moja bosi aliingia chumbani, akasimama mlangoni akiwa ameziba pua kwa adabu, akauliza nani kati yetu amewahi kushika kazi za sanaa. Kulikuwa na wateja Jeddah, wanafungua jumba la makumbusho, wanataka watu wa kufungua makontena bila kuvunja. Wafula akaninyooshea mwiko. "Huyu, baba. Kwao ni wachongaji." Mimi hata penseli darasani nilikuwa nachongewa. Lakini Jeddah ilikuwa mahali pengine, na mahali pengine ndipo nilipokuwa napataka, kwa hiyo nikasema naam, tunachonga, tunachonga sana. Kesho yake alfajiri nilikuwa ndani ya lori na Wafula, tunakata jangwa siku nzima, yeye anacheka peke yake kila baada ya kilomita hamsini. "Mchongaji," anasema. Halafu kimya. Halafu tena, "Mchongaji."

Jumba lenyewe lilikuwa Ruwais, karibu na bahari, ghala la zamani lililopakwa chokaa mpaka likaumiza macho. Mkurugenzi alikuwa Ustadha Hanan, mwanamke Msaudi mwenye sauti ndogo na funguo nyingi. Alikuwa amepata leseni karibuni, anaendesha mwenyewe, ameshika usukani kama amebeba trei ya mayai, na akifika hushuka, akalitazama gari lake kama haamini ni yeye. Alinieleza kwa Kiarabu cha polepole kwamba humu ndani zitawekwa kazi za wasanii Waafrika waliotawanyika duniani, wa siku hizi, walio hai. Wa Marekani, wa Brazil, wa Uingereza, na wa hapohapo Jeddah, maana kuna familia za Kizanzibari zimekaa pale tangu ile sitini na nne. Nikaitikia kama mtu aliyekuwa analijua hilo. Tulifungua makontena wiki nzima. Kulikuwa na gauni la harusi lililoshonwa kwa kadi za simu zilizokwishakwanguliwa. Kulikuwa na ukuta wa vitana, mia na kitu, kila kimoja na nywele zake. Kulikuwa na televisheni ambamo mzee mmoja anataja majina ya watu bila kumaliza, na mimi nilimsubiri nusu saa amalize nimzime. Nilikuwa nazunguka vyumba vile na glavu nyeupe mikononi, najiona daktari. Na nikiri kwamba kwa mara ya kwanza miguu yangu ilianza kutulia kidogo. Niliweza kusimama mbele ya kitu kimoja dakika tano nzima.

Ustadha Hanan aliliona hilo. Siku moja aliniita ofisini, akaniambia anahitaji mtu wa kudumu wa kutunza zile kazi, na sheria sasa zinamruhusu kuomba nihamishwe kwake. "Tukifungua bila kitu kuharibika," akasema, "naandika barua Riyadh. Ikama yako inakuja kwetu." Kisha akanipa karatasi tatu za Kiingereza, masharti ya kila kazi, nisome na kutia sahihi. Nilisoma mstari wa kwanza vizuri sana. Mistari mingine niliipa heshima yake, nikatia sahihi kila ukurasa, na mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho, ili ionekane imewekwa na msomi. Jioni nikampigia Wafula. Akasema, "Sasa mchongaji, tafadhali, usichonge kitu."

Kazi ya mwisho kuletwa ilikuwa ya Salma. Alizaliwa palepale Jeddah, akalelewa na bibi yake, akaenda Uingereza kusoma na kubaki huko, na sasa amerudi na wazo. Alikuwa amepita kwenye nyumba za wazee wa Kizanzibari, Ruwais na Al-Nuzha, akaomba mbuzi zao za kukunia nazi. Alikuwa anataka kumi na mbili, azipange duara sakafuni, bila mtu. Siku tuliyopima duara lile kwa kamba nilimuuliza maana yake. Akasema, "Ni kikao cha mabibi. Wamenyanyuka tu kidogo, watarudi." Nilielewa palepale, na mimi huwa sielewi palepale. Kwetu Kaloleni nazi ndiyo maisha, mbuzi nimeikalia tangu miguu haijafika chini.

Bi Zuwena, rafiki mkubwa wa marehemu Shekue, bibi yake Salma, alikuja na ya kwake mwenyewe kwenye teksi, ameipakata ndani ya mfuko wa duka. Mwanamke mfupi, miwani mikubwa, buibui linanukia udi. Salma alipokuwa anaandika namba saba kwenye kile kibati, bi mkubwa alinivuta mkono, akaninong'oneza. "Mwanangu, wewe wa pwani? Nimekujua kwa kuamkia. Miye naona haya. Nimeileta chafu. Huyu mtoto ameingia jikoni, akaniambia nipe hivyohivyo, hakunipa hata nafasi ya kuipitisha maji. Sasa Waarabu watakuja kuitazama mbuzi ya Zuwena ina machicha." Nikamwambia, Bibi, usiwe na wasiwasi. Nilimaanisha.

Ijumaa mchana wote walikwenda msikitini, au kupumzika. Mimi Mkristo, nikabaki na funguo. Nikazunguka. Nikavitazama vitana, nikamtazama mzee wa majina, nikarudi kwenye zile mbuzi kumi na mbili zilizokuwa bado ukumbi wa nyuma zikisubiri kupangwa. Na kweli zilikuwa chafu. Kutu, mafuta yaliyoganda, nazi kavu kwenye meno. Moja, namba moja, ilikuwa na machicha yaliyogandamana ulimi mzima, yamekuwa ya manjano. Nikaona aibu. Si ya Bi Zuwena tu, ilikuwa yangu, ya mama yangu, ya kila jikoni nililokulia. Nikafikiria mabwana wenye kanzu nyeupe na mabibi wenye manukato wamesimama juu ya uchafu wetu wanasema, hivi ndivyo wanavyokaa. Swala ilipokwisha na duka kufunguliwa, nikanunua ndimu mfuko mzima na waya ya kusugulia sufuria. Mchanga nikauchota ufukweni, hatua mia mbili. Nikavua glavu. Nikazitoa uani, nikazisugua moja baada ya nyingine, nikiimba, na nadhani sijawahi kufanya kazi kwa raha vile, kabla wala baada. Chuma kilitoka kinang'aa. Mbao zikarudi rangi. Nikazipanga juani zikauke, kumi na mbili, meno juu, nikasimama mikono kiunoni, nikasema, sasa ndiyo wageni waje.

Aliyekuja kwanza ni Salma. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alitembea polepole mpaka kwenye namba moja, akachuchumaa, akainusa.

"Umetumia nini?"

"Ndimu. Na mchanga. Waya kidogo, pale palipokataa."

"Palipokataa," akasema. Kisha akakaa chini kwenye saruji, na nguo yake nzuri. "Ile ilikuwa nazi ya mwisho ya Bibi. Ramadhani, alikuna, akasema kichwa kinamuuma, nitaosha kesho. Hakurudi kutoka hospitali. Shangazi zangu hawakuigusa, mimi sikuigusa. Miaka miwili, Karisa. Imeandikwa ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeupa mkia mrefu kuliko yote.

Ustadha Hanan alifika baadaye, akasikiliza, akazitazama zile mbuzi zinavyometameta, akatoa simu. Aliongea na Riyadh mbele yangu, kwa sauti yake ileile ndogo. Mtu wenu atarudi Jumatano na basi la asubuhi. Barua, mafi, hakuna. Halas. Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kufungua. Alipomaliza hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuuliza?" na mpaka leo ndilo swali linaloniamsha.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Bi Zuwena, mtaa wa tatu kutoka pale. Sebule ilikuwa na mazulia mawili, moja juu ya lingine, saa ya ukutani iliyosimama, na harufu ya chai ya tangawizi. Alinikalisha, nikasimama, akanikalisha tena. Akaniwekea mkate wa kumimina, nikamweleza. Alianza kucheka kabla sijafika kwenye waya. Alicheka mpaka akavua miwani. "Na ndimu?" anauliza. "Mfuko mzima? Na mchanga wa bahari? Loo, mbuzi zetu zimeogeshwa kama maharusi." Halafu nikamwambia ya namba moja, akaacha. Akaivaa miwani yake polepole.

"Ile ya Shekue."

"Ndiyo, Bibi."

"Mtoto amesemaje?"

"Hajasema. Amekaa chini."

Akaitazama ile saa iliyosimama. "Hilo huwezi kulirudisha," akasema. "Hata mimi siwezi. Lakini kukaa chini peke yake, hilo haliwezekani." Akachukua simu, akaingia kwenye kundi lao la WhatsApp, akaweka kinywa karibu kabisa kama anayetaka kuing'ata. "Jamani, Zuwena hapa. Kila aliyetoa mbuzi aje jumbani Jumatatu asubuhi. Ambaye ana magoti aje na mjukuu. Kila mmoja nazi mbili. Za kwenye duka la Al-Nuzha, si zile za kopo, nitawajua." Kisha akanigeukia. "Nawe usisimame mlangoni kama mdai. Maliza mkate."

Walikuja kumi. Ustadha Hanan alitaka kuzuia, nadhani, lakini nani atamzuia Bi Zuwena na mfuko wa nazi. Ukumbi mkubwa ulikuwa mtupu na mweupe, mbuzi zimeshapangwa duara, zinang'aa. Walivua viatu mlangoni. Wakaenda kila mmoja kwenye mbuzi yake bila kuangalia namba, wakakaa kwa kuguna, wakakunja buibui magotini, na mama mmoja mwenye kisu akaanza kuzivunja nazi, maji yake anayakinga bakulini. Wakakuna. Sauti ile, kwaru kwaru, na mdundo wa watu wengi, mwanzo hawakupatana, kisha wakapatana. Na maneno juu yake. "Nazi hii ya wapi, ngumu kama moyo wa mkwe wangu." "Kuna taratibu, hakuna mgeni anayesubiri." "Wewe kuna tu, mkwe wako yupo Dammam hakusikii." Mbuzi mbili zilikuwa tupu. Moja ya mama aliyekuwa Makka. Nyingine namba moja.

Bi Zuwena alikuwa amekalia ya saba, anakuna haraka, uso umekunjamana. "Naichafua mbuzi yangu mbele za watu, Salma, kwa ajili yako tu," akasema bila kuinua kichwa. "Njoo ukae kwa bibi yako."

Salma akasimama kando ya ukuta. "Sijui kukuna."

Wakatazamana. Mjukuu wa Shekue, hajui kukuna. "Alikuwa akinifukuza jikoni," akasema Salma. "Akisema nikasome."

"Basi aliyesugua ndiye atakayefundisha," akasema Bi Zuwena. "Karisa. Kaa hapo chini mbele yake."

Nikakaa. Salma akaja akaikalia namba moja, nikamwonyesha kushika kifuu kwa viganja, si kwa vidole, kuanzia ukingoni, kuzungusha, kuuacha ulimi wenyewe ule nazi. Mara ya kwanza kikamteleza, meno yakamkwangua kifundo cha kidole. Akakitazama kile kidole kikitoa damu tone moja. "Kwa hiyo yale makovu yake," akasema, halafu hakuendelea. Akashika tena. Nyuzi nyeupe zikaanza kuanguka kwenye sinia, kubwakubwa, mbaya, za mtu asiyejua. Aliponitazama nilifikiri ataniambia kitu kizuri. Akasema, "Sijakusamehe."

"Najua."

"Endelea kunionyesha."

Nadhani nilikaa pale saa moja na nusu, chini, miguu nimekunja. Sikugundua mpaka niliposimama magoti yakakataa.

Mchana tukala wali wa nazi uani, na papa wa kukaanga, Ustadha Hanan naye, anakula kwa mkono kwa uangalifu uleule wa usukani. Mbuzi zikaachwa kama zilivyokuwa, na nazi kwenye meno. Barua haikubadilika, na sikuomba. Jumatano asubuhi nilipanda basi na begi langu, na saa walipokuwa wanakata utepe mimi nilikuwa jangwani namtazama mtu wa mbele akimenya chungwa. Wafula alinipokea na ugali. Hakucheka siku mbili nzima, ndipo nikajua ni mazito. Siku ya tatu akasema, "Ila kweli, ziling'aa?" Nikamwambia ziling'aa sana. Siku ya nne Salma akanitumia picha bila maneno: msururu wa sisimizi umeingia jumbani, umepita chini ya gauni la kadi za simu, unakwenda moja kwa moja kwenye duara. Mwaka haujaisha nikarudi nyumbani, nikaoa, nikafungua zipu ya begi.

Bi Zuwena alikuwa akinitumia sauti kwenye simu, kila baada ya miezi. Nilizihifadhi. "Karisa mwanangu, nimekwenda leo kuitazama. Bado chafu. Watu wanapiga picha. Nimejifanya si yangu." Nyingine: "Ile mbuzi bado ipo vilevile, nazi imekuwa nyeusi sasa. Mwarabu mmoja kamwambia mkewe, hii ya kale sana. Nikataka kumwambia si ya kale, ni chafu." Ya mwisho, sauti imechoka: "Nimemwambia Salma, miye nikiondoka, ile yangu itoeni pale." Nilicheka kila mara. Nilidhani ananichekesha.

Wiki iliyopita, usiku umeshaisha na jua lipo juu, nilikuwa nazunguka meza kwa mara ya mia, nikazisikiliza zote tena kwa mpangilio. Kadzo akasimama mlangoni na taulo begani, akasikiliza nazo. Zilipokwisha akasema, "Huyu bibi ameona haya miaka yote hii." Akarudi jikoni. Mimi nikabaki nimeshika simu. Lile jumba lina watu wa kutunza, wana glavu, wanasoma kurasa zote. Angetaka itunzwe angewaachia wao.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuchota mchanga. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, mbuzi mapajani, nikakifungua kile kibati cha namba, nikamwambia Kadzo alete ndimu.